Kwenda Broadway kumwona Gatsby: maandalizi kuanzia kitabuni hadi mlango wa wasanii

Riwaya ya The Great Gatsby ya F. Scott Fitzgerald ilitoka tarehe 10 Aprili 1925. Hakimiliki yake nchini Marekani ilikwisha tarehe 1 Januari 2021, na kuanzia siku hiyo mtu yeyote aliweza kuichukua, kuikata, kuitia nyimbo na kuiuzia tiketi bila kubisha hodi kwa mtu. Haikukawia. Mwaka 2023 tamthilia ya muziki iliyotokana nayo ilionyeshwa Paper Mill Playhouse, mjini Millburn, New Jersey, na tarehe 25 Aprili 2024 ikafunguliwa rasmi Broadway, eneo la kumbi kubwa za maigizo jijini New York. Katikati ya mwaka huohuo kundi jingine kabisa likapandisha jukwaani Gatsby wake huko Cambridge, Massachusetts. Kwa hiyo ukisikia watu wawili wanabishana kuhusu “ile Gatsby ya nyimbo”, waulize kwanza kila mmoja aliona ipi.

Mwongozo huu unahusu ile ya Broadway: muziki wa Jason Howland, mashairi ya Nathan Tysen, maandishi ya Kait Kerrigan, mwongozaji Marc Bruni. Nimeuandika kwa ajili ya anayepanga safari ya New York, au anayeishi huko na mgeni wake kutoka nyumbani amesema, “Safari hii nipeleke Broadway.” Mengi yaliyomo yatakufaa hata ukienda kuona tamthilia nyingine iliyotoka kwenye riwaya.

1. Soma kitabu, na usome ukitafuta jambo moja

Wapo watakaokushauri usisome kabla, ili usiharibiwe utamu. Sikubaliani nao. Riwaya yenyewe ni fupi, sura tisa tu, kurasa kama 180, na msomaji wa kawaida anaimaliza mwishoni mwa wiki. Inapatikana bure na kihalali kwenye tovuti ya Project Gutenberg. Aliye Kenya au Tanzania naye asiwe na hofu: huko hakimiliki hudumu miaka 50 baada ya mwandishi kufariki, na Fitzgerald alifariki Desemba 1940.

Jambo la kutafuta ni hili: nani anasimulia? Hadithi yote tunaipata kinywani mwa Nick Carraway, kijana aliyepanga nyumba ndogo jirani na jumba la tajiri Gatsby huko Long Island, kiangazi cha 1922. Gatsby tunamjua kwa yale Nick aliyoyaona na kuyasikia. Daisy, binamu ya Nick anayependwa na Gatsby, vilevile. Myrtle, na mumewe George Wilson mwenye gereji kwenye lile bonde la majivu lililo njiani kuelekea mjini, ndio kabisa: wanapita mbele ya macho ya Nick, na yaliyo mioyoni mwao tunabaki kuyakisia.

Jukwaani mambo hayawezi kubaki hivyo. Mhusika akisimama peke yake chini ya taa na kuanza kuimba, hapohapo ameichukua hadithi kutoka mikononi mwa Nick. Hapa ndipo tamthilia inapoachana na riwaya, kuliko hata pale inapofupisha matukio au kubadili mahali. Basi soma ukiwa na penseli. Kila unapotamani mhusika ajisemee mwenyewe, weka alama pembeni. Ukifika ukumbini utakuwa unasubiri jambo la maana: je, huyu amepewa wimbo? Na akiupewa, anasema nini ambacho Nick hakukijua?

Mfano mmoja. Katika sura ya kwanza, Daisy anamweleza Nick siku alipojifungua binti yake, na jinsi alivyomtakia mtoto awe mpumbavu mzuri wa sura, kwa sababu duniani hakuna kilicho bora zaidi kwa mwanamke. Maneno hayo yanapita barazani baada ya chakula cha jioni, na msomaji mwenye haraka huyaruka. Tamthilia imeyachukua ikayafanya wimbo mzima wa Daisy, Beautiful Little Fool, tena ikauweka karibu na mwisho, baada ya yote kutokea. Maneno yaleyale, ila aliyeyasema mwanzo alikuwa anapiga soga, na anayeyaimba mwisho amekwisha kuchagua upande. Kwangu hayo ndiyo mageuzi mazuri kuliko yote katika onyesho hili, na asiyesoma kitabu hatayaona. Atasikia wimbo wa huzuni tu.

Ukiwa huna muda wa kusoma vyote, soma sura ya 1, ya 3 yenye karamu, ya 5 ambapo Gatsby na Daisy wanakutana tena kwa chai nyumbani kwa Nick, na ya 7, siku ya joto kali hotelini Plaza.

2. Sikiliza albamu, lakini nusu yake

Albamu ya waigizaji wa kwanza ilitoka 2024, na Jeremy Jordan ndiye Gatsby, Eva Noblezada ndiye Daisy. Imo kwenye huduma zote kubwa za muziki. Sababu ya kuisikiliza mapema ni lugha. Kiingereza cha kuimbwa, kwa kasi, juu ya bendi ya vyombo vya kupuliza, huwaponyoka hata waliozaliwa nacho, sembuse sisi ambao kwetu ni lugha ya pili au ya tatu. Sikiliza nyimbo za umati zenye maneno mengi, hasa Roaring On inayofungua onyesho, na New Money. Soma maneno yake huku unasikiliza. Ongeza For Her ya Gatsby ukipenda.

Ishia kwenye My Green Light, inayofunga sehemu ya kwanza. Nyimbo za sehemu ya pili ziache zikukute ukumbini. Umesoma kitabu, kwa hiyo mwisho unaujua. Acha walau sauti iwe ngeni.

Mwenye kusikia kwa shida, au anayependa kusoma maneno huku akitazama, aangalie programu ya simu iitwayo GalaPro, inayotumika katika maonyesho mengi ya Broadway. Huonyesha maneno kwenye skrini nyeusi isiyosumbua jirani, yakienda sambamba na jukwaa. Ipakue ukiwa nyumbani na usome maelekezo yake, kwa sababu dakika tano kabla ya pazia si wakati wa kuhangaika na intaneti ya ukumbi.

3. Hakikisha lipo, ndipo ununue

Maonyesho ya Broadway hayana mkataba na abiria wa ndege. Tamthilia mpya inaweza kujaza watu msimu mmoja, kisha ikatangaza kufunga kwa notisi ya wiki chache mauzo yakishuka. Waigizaji wakuu nao hubadilika. Jordan na Noblezada ndio walioanza, lakini aliyemo mwezi unaokwenda wewe utamjua kwa kuangalia tovuti rasmi. Usikate tiketi ya ndege kwa sababu ya jina la mwigizaji mmoja. Hata akiwa bado yumo, anaweza kuugua au kuwa likizo, na mbadala wake ndiye atakayeimba. Wala usinune ukikuta karatasi ndogo ndani ya kijitabu cha onyesho inayosema fulani leo anashika nafasi ya fulani. Mbadala wa Broadway ni mtu aliyejifunga kibwebwe kwa nafasi hiyo miezi mingi akiisubiri zamu yake, na mara nyingi usiku wake huwa na moto wa pekee.

Tiketi zenyewe zina njia nne za halali.

Tovuti rasmi ya onyesho itakupeleka kwa muuzaji wake halali. Kwa Broadway Theatre, ukumbi wa onyesho hili, ambao ni wa kampuni ya Shubert, muuzaji huyo ni Telecharge. Njia hii ni rahisi, ila kila tiketi huongezewa ada ya huduma.

Kaunta ya ukumbini, 1681 Broadway, karibu na mtaa wa 53. Ukienda mwenyewe unaepuka sehemu kubwa ya ada hizo, na aliye dirishani atakuonyesha ramani ya viti. Kwa familia ya watu wanne au watano tofauti inaonekana.

Kibanda cha TKTS katika Times Square, chini ya zile ngazi nyekundu, kwenye mtaa wa 47. Hapa huuzwa tiketi za siku hiyohiyo, kwa punguzo la kati ya asilimia 20 na 50. Foleni ipo, lakini inatembea. Fika ukiwa na onyesho la pili na la tatu moyoni, maana ubao unaweza kukosa unalolitaka.

Bahati nasibu na tiketi za mapema asubuhi. Maonyesho mengi hutenga viti vichache kwa bei ya chini sana, vya kugombewa kwa simu au kwa kuwahi kaunta. Jaribu, ila usimwahidi mgeni wako kwa kutegemea bahati nasibu.

Njia ya tano ndiyo ya walanguzi, na haianzii barabarani tena. Ukitafuta jina la onyesho kwenye intaneti, matokeo ya juu kabisa mara nyingi ni matangazo ya wauzaji wa mkono wa pili, wenye kurasa zilizopambwa zikafanana na tovuti rasmi. Tiketi inaweza kuwa ya kweli, lakini bei imepandishwa vibaya. Kabla ya kuingiza namba za kadi, soma anwani ya tovuti herufi kwa herufi.

Kisha angalia tarehe. Wamarekani hutanguliza mwezi: 04/05 kwao ni tarehe 5 Aprili. Na saa: 2:00 PM ni saa nane mchana, 7:00 PM ni saa moja jioni. Mzee aliyefika juzi mwambie kwa saa yetu, asije akajiandaa kwa saa mbili usiku kwa onyesho la saa nane.

4. Kuchagua kiti

Broadway Theatre ni miongoni mwa kumbi kubwa za Broadway, viti vyake vikiwa zaidi ya 1,700. Viti vya chini hukupa nyuso. Roshani hukupa picha nzima. Kwa onyesho hili mimi ningelipia safu za mbele za roshani. Karamu za Gatsby zimepangwa kwa macho ya anayetazama kutoka juu: mistari ya wachezaji, picha kubwa zinazobadilika nyuma, magari yanayoingia jukwaani, mavazi ya Linda Cho, ambayo ndiyo yaliyoipatia tamthilia hii Tuzo ya Tony, tuzo kuu ya Broadway, mwaka 2024. Ukikaa chini safu za nyuma kabisa, dari ya roshani inakukatia sehemu ya juu ya jukwaa, na umelipa zaidi kuliko aliye juu yako.

Anayekwenda kwa ajili ya Daisy na ule wimbo wake wa mwisho, basi akae chini, katikati, hata kama ni kiti kimoja tu kilichobaki. Viti vya mmojammoja hupatikana kwa urahisi na huwa vizuri.

Usishtuke ukipewa kiti namba 2 na namba 4. Katika kumbi za Broadway, namba shufwa hukaa upande mmoja na witiri upande mwingine, kwa hiyo 2 na 4 vimepakana. Viti vya katikati ndivyo vyenye namba zinazofuatana, kuanzia 101. Na kama unampeleka mtu mwenye magoti mabovu, nunua chini bila kujadiliana na bei: kumbi nyingi za Broadway ni za zamani, hazina lifti ya kwenda roshani, na ngazi zake ni nyembamba.

5. Siku yenyewe

Treni za B, D na E husimama kituo cha 7 Avenue, mtaa wa 53, hatua chache kutoka ukumbini. Anayetoka New Jersey kwa basi atashukia Port Authority, mtaa wa 42, kisha ni mwendo wa miguu wa robo saa kupita katikati ya umati wa Times Square. Uhesabu umati huo kwenye muda wako.

Mavazi hayana sheria. Utaona suti, utaona jinzi, na kwa onyesho hili utaona mabinti waliovaa shanga na manyoya ya miaka ya 1920. Kanga au kitenge kilichoshonwa vizuri kinapendeza kuliko vyote hivyo. Ila beba kitu cha kujifunika, kiyoyozi cha Broadway hakina huruma hata Julai.

Kula kabla. Mtaa wa 9 Avenue una migahawa mingi, na bei zake ni nafuu kuliko za Times Square. Vya kununua ndani ni ghali, na maganda yake hupiga kelele.

Fika nusu saa kabla. Mabegi hukaguliwa mlangoni, na ukichelewa utazuiwa nje hadi wapate pengo linalofaa la kukuingiza, jambo linaloweza kukukosesha Roaring On yote. Nusu saa hiyo pia ni ya kuutazama ukumbi wenyewe. Ulifunguliwa siku ya Krismasi ya 1924 kama jumba la sinema lililoitwa Colony, chini ya miezi minne kabla riwaya hii haijafika madukani. Humohumo ndimo katuni ya Steamboat Willie ya Mickey Mouse ilipoonyeshwa mara ya kwanza, Novemba 1928. Na riwaya kugeuzwa nyimbo si jambo jipya hapa: Les Misérables ilifungulia Broadway ndani ya kuta hizi mwaka 1987, na The Color Purple mwaka 2005. Eva Noblezada mwenyewe alikuwa ameimba kwenye jukwaa hilohilo mwaka 2017, katika Miss Saigon.

Mlangoni utapewa Playbill, kijitabu cha bure. Kitunze. Tamthilia hii ilipopelekwa London Coliseum mwaka 2025, watazamaji wa kule walikuta utaratibu wa Uingereza, ambako kijitabu cha onyesho hununuliwa.

6. Pazia likifunguliwa

Simu izime kabisa. Kurekodi na kupiga picha wakati wa onyesho ni marufuku na wahudumu watakufuata hadi kitini. Kuna maonyesho yanayoruhusu picha waigizaji wanapotoka mwishoni kuinama. Tazama wahudumu, kisha fanya wanavyoruhusu.

Kwetu sisi tuliolelewa na taarab kuna mazoea ya kuyaacha nje. Kwenye taarab wimbo ukikuchoma unainuka, unakwenda mbele kwa maringo, unamtuza mwimbaji, na ukumbi mzima unaelewa ujumbe umemlenga nani. Broadway unakaa. Huimbi naye, hujibu, hutoi hata “ee” ya kumuunga mkono. Hisia zako unaziweka akiba mpaka nota ya mwisho, halafu unapiga makofi na vigelegele kadiri unavyotaka. Kwenye For Her watu hupiga kelele kweli. Naona ni hasara kidogo, lakini ndiyo desturi ya nyumba.

Sasa kazi ya penseli. Myrtle akianza kuimba One-Way Road katika sehemu ya pili, kumbuka kitabuni dakika hizo za mwisho za maisha yake tunazipata kwa masimulizi ya watu wengine, shahidi mmoja na mwingine. Hapa unazipata kwake. George Wilson naye, ambaye kitabuni ni kama vumbi lililovaa ovaroli, anaimba tangu Valley of Ashes. Nick na Jordan Baker, rafiki wa Daisy, wamepanuliwa wakapewa mapenzi yenye nyimbo zake. Je, kumpa kila mtu sauti kumemfanya Gatsby awe wazi mno? Mimi naona ndiyo. Gatsby wa kitabuni hupendeza kwa kuwa hatumfikii. Gatsby anayekufungulia moyo kwa sauti kubwa namna ile amebaki na siri chache. Tamthilia imelipoteza fumbo la Gatsby, ikawapata Myrtle na Daisy, na biashara hiyo sidhani ni mbaya. Utajiamulia mwenyewe.

Mapumziko ni kama dakika 15. Foleni ya choo cha wanawake ni ndefu. Taa zikiwaka tu, inuka. Mazungumzo ya kitabu yatasubiri.

7. Mlango wa wasanii

Likiisha, wanaotaka saini huzunguka kwenda mlango wa wasanii na kusimama nyuma ya vizuizi. Nenda na Playbill na kalamu ya wino mzito, kwa sababu karatasi yake inateleza na kalamu ya kawaida haishiki. Mwigizaji halazimiki kutoka, na kumfuata barabarani ni utovu wa adabu. Baada ya onyesho la mchana, siku yenye mawili, wengi hubaki ndani kupumzika na kula. Ukitaka saini kweli, chagua onyesho la usiku. Pongezi fupi, jina la mtoto anayesainiwa ulitaje herufi kwa herufi, kisha mpishe aliye nyuma yako.